Toleo Lijalo na Lifuate Miguu

Watengenezaji wa programu za dramu wana desturi ya kuwauliza wateja wao: toleo lijalo mngependa liwe na nini? Majibu huwa mengi, na hufanana. Sauti ziongezwe. Matoazi yaongezwe. Bei ishuke. Rangi za kioo zibadilishwe, utadhani watu husikia kwa macho. Kwa maoni yangu orodha hizo karibu zote zinabisha hodi nyumba isiyo yake, na si kwa sababu waombaji ni wavivu wa kufikiri. Kila mmoja huomba akiwa peke yake, chumbani kwake, mbele ya kompyuta yake. Haulizwi akiwa amekaa na mwenzake anayepiga ngoma kwa njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo hapa nimewakalisha wanne. Hawana majina, maana kila mmoja ni watu wengi wa aina yake. Hoja ni zao, mpangilio wa maneno ni wangu. Prodyuza ni kijana wa Dar es Salaam anayetengeneza Bongo Fleva na singeli. Mpigaji ni dada anayepiga dramu za umeme kanisani. Mwalimu ni mama mtu mzima aliyefundisha ngoma Bagamoyo. Fundi huandika programu za muziki, zile za bure ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Kwa asiyezijua programu hizi: nyingi kati yake ni ghala la rekodi. Mpigaji stadi aliketi katika chumba kizuri, akaipiga kila ngoma na kila toazi mara mamia, kuanzia pigo la kugusa tu hadi pigo la kufa na kupona, na kila pigo likarekodiwa. Kazi ya programu ni kuchagua rekodi ipi ilie na lini. Superior Drummer 3, iliyotolewa mwaka 2017 na Toontrack ya Umeå, Sweden, ilikuja na zaidi ya gigabaiti 230 za mapigo ya namna hiyo, yaliyorekodiwa na George Massenburg katika studio za Galaxy huko Ubelgiji. Ubishi ulianzia hapo hapo.

PRODYUZA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, baba. Sema haja yako.

PRODYUZA: Haja yangu ni wepesi. Gigabaiti 230! Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, huo ni upakuaji wa saa 51, na usikatike hata mara moja. Mtandao wa kukaa saa 51 bila kukatika sijauona mimi, labda ninyi. Na ukishamaliza, diski yako imejaa, huna pa kuweka kazi za wateja. Toleo lijalo linipe gigabaiti mbili zinazolia vizuri, nitalipa.

FUNDI: Ukubwa ule haukutokana na ubadhirifu. Chukua sneya moja tu. Ipigwe kwa namna tano: katikati, pembeni, ukingoni, ukingo na ngozi kwa pamoja, na fimbo ikiwa imelazwa. Kila namna ipigwe kwa ngazi 12 za nguvu. Kila ngazi irudiwe mara 6, ili sikio lisikamate rekodi ile ile ikijirudia. Hapo una mapigo 360. Chumbani kuna vinasa sauti 10 vinavyosikiliza kwa wakati mmoja, basi una mafaili 3,600. Yawe ya sekunde mbili mbili, kwa ubora wa kawaida wa studio, na sneya moja imekula karibu gigabaiti nzima. Hujagusa toazi, ambalo huvuma sekunde kumi na zaidi.

PRODYUZA: Vinasa sauti kumi kwa sneya moja?

MPIGAJI: Vingi havikuwekwa kwa ajili yake, kaka. Ni vya ngoma nyingine na vya chumba, lakini navyo vinaisikia. Ukiikanyaga ngoma ya mguu, waya zilizo chini ya sneya hutetemeka. Sauti huvuja kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Ukiifuta sauti ile inayovuja, kila kipande kinasikika kama kilipigwa siku yake na mji wake.

PRODYUZA: Msikilizaji wangu yuko juu ya bodaboda na spika ndogo moja sikioni. Waya zipi atakazozisikia?

Hoja ya prodyuza si ya kutupwa, na historia inamuunga mkono. LM-1 ya Roger Linn, mashine iliyofungua njia ya kutumia rekodi za dramu halisi, ilitoka mwaka 1980 bila toazi la kuvuma hata moja: toazi hulia kwa muda mrefu, na chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali mno wakati ule. Prince alirekodi nayo nyimbo zilizozunguka dunia, na sijasikia mtu aliyerudisha santuri dukani akilalamikia toazi. Mwaka huo huo Roland ikatoa TR-808, ambayo haikuwa na rekodi yoyote. Sauti zake zilizaliwa ndani ya saketi za umeme na hazikufanana na dramu za mtu aliye hai. Ilipofika 1983 haikutengenezwa tena. Kisha vijana wa hip hop wakazikuta za mitumba kwa bei ya chee, na leo ngoma yake ya mguu haikosekani katika biti za mitaani, za Marekani na za kwetu. Upungufu wa mashine, basi, unaweza kuwa mtindo. Lakini upungufu uliouchagua mwenyewe si ndugu wa ule uliofungiwa ndani yake, na tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua katika mjadala huu.

MPIGAJI: Mimi ukubwa haunikeri. Kinachonikera ni kwamba programu hainisikii. Napiga pedi, pedi inatuma namba. Kwa kanuni za MIDI, ambazo ni za mwaka 1983, nguvu ya pigo langu ni namba kati ya 1 na 127. Basi. Nimepiga katikati ya ngozi au karibu na ukingo? Fimbo nimeiacha iruke au nimeibana? Kwa vifaa vingi vya bei tunayoimudu, hayo yote yanameng'enywa kuwa namba moja. Na msiba mkubwa ni haihati, yale matoazi mawili ya mguu. Mguu wangu unaifunga na kuifungua bila vituo. Programu ina hatua tano au sita, nami nasikia kabisa inavyoruka kutoka hatua moja kwenda nyingine.

FUNDI: MIDI 2.0 ilitangazwa mwaka 2020. Ngazi za nguvu sasa ni zaidi ya 65,000.

MPIGAJI: Pedi zangu zinalijua hilo?

FUNDI: Bado.

MPIGAJI: Basi nisubiri. Na ucheleweshaji je?

FUNDI: Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone, huikusanya mafungu. Fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 6 hivi. Ukiiona kompyuta inakwama, unaongeza fungu hadi 1,024, na hizo ni milisekunde 23.

MPIGAJI: Sita naziweza. Ishirini na tatu mikono inazijua hata kabla ya masikio. Unaanza kupiga mapema ili kufidia, waimbaji wanakufuata, na kufikia ubeti wa tatu kwaya nzima inakimbia na mchungaji ananitazama mimi. Jambo la pili ni mrudio. Nikipiga mapigo ya haraka mfululizo, programu ikirudia rekodi moja, unasikia bunduki.

PRODYUZA: Hapo dada tutakosana. Singeli ina mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240. Ukiligawa kila pigo mara nne, una mapigo 16 kwa sekunde. Hakuna mikono hapo, na mimi sitaki mikono! Ile bunduki mnayoikimbia ndiyo ninayoilipia. Ukiniwekea rekodi sita zinazopokezana, umenilainishia singeli yangu, umeitoa Manzese umeipeleka hotelini.

MPIGAJI: Basi pawe na kitufe cha kuzima.

PRODYUZA: Kitufe nakubali.

Walikubaliana haraka mno kwa ladha yangu. Kitufe ndicho jibu rahisi la kila toleo jipya: watu wawili wakitaka vitu viwili, ongeza kitufe, kila mtu aende zake. Baada ya matoleo matatu programu ina vitufe mia nne, na fikra iliyo chini yake ni ile ile ya siku ya kwanza. Suala la bei nalo walilipitia mbio, nami nitalipitia mbio. Superior Drummer 3 ilipoingia sokoni ilikuwa dola 399, na EZdrummer 3 ya mwaka 2022, ndugu yake mdogo, dola 179. Prodyuza alisema anawajua watu wanaotumia nakala zilizovunjwa, akasema "watu" kwa namna iliyowafanya wote wacheke. Fundi akakumbusha kuwa programu za Hydrogen na DrumGizmo ni za bure na halali. Mpigaji akaomba programu iliyokwisha kulipiwa isidai mtandao tena na tena ili kuthibitisha kwamba yeye si mwizi. Hilo nani atalipinga?

MWALIMU: Mmekwisha kugawana? Nami niulize. Ndani ya hizo gigabaiti 230 mna chapuo? Mna vumi?

FUNDI: Hamna, Mwalimu. Zipo hazina za ngoma za Afrika zinazouzwa kando, lakini aghalabu zimejaa djembe na nyingine za Afrika Magharibi.

MWALIMU: Nani aliyepanga hivyo?

FUNDI: Sehemu ya jibu ni ramani ya mwaka 1991, inayoitwa General MIDI. Watengenezaji walikubaliana kila mlio wa ngoma ukae kwenye ufunguo upi wa kibodi, ili wimbo ulioandikwa kwenye mashine moja ulie sawasawa kwenye nyingine. Ngoma ya mguu 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42. Nafasi zilikuwa 47, kuanzia ufunguo wa 35 hadi wa 81. Bongo zikapata mbili, konga tatu, timbali mbili, agogo mbili. Karibu zote ni za bendi za Cuba na Brazili. Hata filimbi ilipata nafasi mbili, mlio mfupi na mlio mrefu.

MWALIMU: Filimbi mara mbili, vumi hata mara moja.

FUNDI: Naam.

PRODYUZA: Basi toleo lijalo waongeze, ufunguo wa 82, wa 83. Tumemaliza.

MWALIMU: Hujamaliza, baba, ndiyo kwanza unaanza kunikosea. Ukiweka chapuo kwenye ufunguo wa 82, utakuwa na mlio wa chapuo na ngoma hutakuwa nayo. Hiyo dramu yenu hupigwa na mtu mmoja aliyezungukwa na vyombo. Akili ni moja, mikono miwili, miguu miwili. Ngoma zetu wanakaa watatu, wanne. Mmoja anashikilia, haongezi, hapunguzi, hata umtukane. Wa pili anajibu katika nafasi anazoachiwa na mwenzake, na ukimsikiliza kila mmoja peke yake hutalitambua lile pigo tunalolicheza, kwa sababu halipo kwa yeyote kati yao. Wa tatu, mwenye ngoma kubwa, hawatazami wenzake kabisa. Anatazama miguu. Mchezaji akizama, naye anazama. Mchezaji akijifanya anatoka uwanjani, anamkata kwa pigo moja anamrudisha. Mwanafunzi wangu simpi ngoma kubwa kabla hajajifunza kucheza. Atafuata miguu ambayo haijui?

PRODYUZA: Mwalimu, programu zetu zina kitu cha kufanya mapigo yawe ya kibinadamu. Ukikiwasha, pigo hili linachelewa kidogo, lile linawahi kidogo, kwa bahati nasibu.

MWALIMU: Kwa bahati nasibu?

PRODYUZA: Ndiyo, ili isisikike kama mashine.

MWALIMU: Mtu anayechelewa bila sababu si mpigaji, ni mlevi.

Nilitaka mazungumzo yaishie hapo, maana sioni ukosoaji mwingine unaoipita sentensi hiyo. Tumezoea kuamini kwamba kinachoitenganisha mashine na mtu ni makosa: mtu hukosea kidogo, mashine haikosei, basi iongezee mashine makosa. Mpigaji mzuri hakosei kwa namna hiyo. Anapochelewa, anachelewa kwa ajili ya mtu, kwa sababu mwimbaji amevuta pumzi ndefu, au bega la mchezaji limekwisha kuonyesha kwamba mguu utatua nyuma kidogo. Roger Linn mwenyewe alilijua nusu ya jambo hili. LM-1 ilikuwa na kipimo cha kuyumbisha mapigo, na hakikutumia bahati nasibu: kila pigo la pili lilisogezwa nyuma kwa kiasi ulichokichagua, lile lile kila mara, nalo likacheza. Nusu iliyobaki, kwamba kiasi chenyewe hubadilika kufuatana na anayepigiwa, bado haijapewa nafasi yake.

FUNDI: Hatua zipo, Mwalimu. Mwaka 2013 Apple waliiwekea programu yao ya Logic mpigaji wa ndani, na unaweza kumwambia aufuate mkondo mwingine wa wimbo. EZdrummer 3 nayo ukiipa gitaa au kinanda ulichorekodi, inakusikiliza na kukupendekezea mapigo yanayoendana nacho.

MWALIMU: Inasikiliza kitu kilichokwisha kurekodiwa?

FUNDI: Ndiyo.

MWALIMU: Na ikishapendekeza, inanyamaza?

FUNDI: Ikishapendekeza, imemaliza. Unachagua, unabandika.

MWALIMU: Huyo ni mshenga. Mimi ninaongelea ndoa.

MPIGAJI: Lakini hapo ndipo na mimi ninapoumia, Mwalimu, ila sikuwa na maneno yake. Kanisani pambio linaanza polepole, watu wanashika moto, linapanda lenyewe. Nikipiga mwenyewe ninapanda nao. Siku niliyougua wakatumia mapigo ya programu, na programu ilikaa pale pale ilipowekwa. Waumini wakaipita, wakarudi kuitafuta, wakaipita tena.

PRODYUZA: Sasa miguu itaonwaje, jamani? Ni programu.

FUNDI: Simu yako ina kamera na ina kipima mwendo. Saa za mkononi huhesabu hatua za mtu siku nzima. Kujua mguu umetua lini ni kazi ndogo siku hizi. Kazi kubwa ni kuibadilisha programu iliyojengwa kwa kudhani kwamba saa ndiyo mfalme na ngoma zote ni watumwa wake. Hapo hutaongeza kitufe. Utavunja msingi.

PRODYUZA: Wasanii wangu wote hucheza wakirekodi. Nawaona kwenye kioo. Nikisema ukweli, mara nyingi wao ndio wako sawa na biti ndiyo iliyokosea, lakini nawaambia wao wafuate biti.

MWALIMU: Na pigo la kwanza unalihesabu wapi?

PRODYUZA: Kwenye pigo zito. Naweka mstari hapo, kila kitu kinagawanyika kwa nne.

MWALIMU: Pigo zito ni la mpigaji. Moja ya mchezaji iko pale mguu unapogusa ardhi, na mara nyingi si pahali pamoja. Katika ngoma nyingi za pwani tatu na mbili zinakaa pamoja. Huyu anatembea kwa tatu, yule kwa mbili, wanakutana, wanaachana. Ukichora mstari mmoja umemnyima mmojawapo uwanja.

FUNDI: Nikitafsiri kwa lugha ya kazi yangu, Mwalimu anaomba kila ngoma iwe na mzunguko wake na urefu wake, na kila ngoma iambiwe inamsikiliza nani. Chapuo linakisikiliza kinganga. Vumi, ile ngoma kubwa, linasikiliza miguu. Kinganga, kile kinachoshikilia, hakisikilizi mtu. Uhusiano huo uwe kitu unachoweza kukichora, kama unavyochora nguvu ya sauti.

MWALIMU: Sijui kuchora. Lakini umesikia.

Ombi hilo ningelitia sahihi yangu. Haliombi mlio hata mmoja mpya. Lingemsaidia mwenye chapuo, na lingemsaidia pia mpigaji wa jazi wa Stockholm, maana naye, akiwa na mwenzake wa gitaa la besi, hafuati saa. Sijui kwa nini tumekubali kwa miaka zaidi ya arobaini kwamba kusikiliza si sehemu ya kupiga ngoma. Prodyuza atanijibu kwamba singeli yake haimsikilizi mtu na watu wanacheza hadi alfajiri. Kweli. Lakini kwenye vigodoro, sherehe zake za mitaani, kuna emsii na kuna didjei, na didjei macho yake yako kwa wachezaji. Mkono wake juu ya kasi ya biti ndiyo ngoma kubwa ya Mwalimu, kwa umbo jingine.

FUNDI: Kuna njia ya kupunguza ukubwa na kumpa dada mahali pa pigo kwa wakati mmoja. Mwaka 2019 IK Multimedia walitoa MODO DRUM. Ngoma zake si rekodi; kompyuta hupiga hesabu za fizikia: upana wa ngoma, mkazo wa ngozi, fimbo imetua wapi. Matoazi tu ndiyo yalibaki rekodi, kwa sababu mtetemo wa toazi ni mgumu mno kuhesabu. Kwa njia hiyo hata chapuo unaweza kulijenga: kipenyo, unene wa mti, aina ya ngozi.

MPIGAJI: Hilo nalitaka kesho asubuhi.

MWALIMU: Na moto?

FUNDI: Moto upi?

MWALIMU: Ngozi haipigwi baridi. Unaiota motoni mpaka iseme. Ukicheza saa mbili, tatu, umande wa pwani unailegeza, sauti inashuka, unairudisha motoni. Ngoma ya saa tatu usiku na ngoma ya saa nane usiku ni ngoma mbili, na mchezaji anajua. Wengine hawaingii uwanjani mpaka ilegee.

FUNDI: Hicho ni kipimo cha mkazo kinachobadilika kwa wakati. Kinawezekana.

PRODYUZA: Yaani biti ianze juu iishe chini? Mteja atasema mashine imeharibika.

MWALIMU: Mteja wako hajawahi kukesha.

Hapo mazungumzo yakaingia mahali ambapo orodha za maombi huwa haziingii. Fundi aliuliza swali la kawaida tu: tukipata fedha za kurekodi, turekodi ngoma zipi?

MWALIMU: Chapuo, vumi, kinganga, tari, njooni mchukue. Msondo wa unyago hapana.

PRODYUZA: Lakini Mwalimu, Msondo Ngoma ni bendi! NUTA Jazz ile ya mwaka 1964 ndiyo iliyokuja kuitwa Msondo, na mji mzima umeicheza.

MWALIMU: Jina walilichukua, somo hawakulichukua. Matarumbeta na magitaa yale mimi mwenyewe nimeyacheza. Ninachokukataza ni pigo ambalo mwari hulisikia mara moja, ndani, pamoja na maneno yake. Ukilitia kwenye mashine, kijana wa Berlin atalipigia tangazo la sabuni.

PRODYUZA: Mlio ni mti na ngozi tu, Mwalimu. Mtu akirekodi kwa simu nyuma ya ukuta, utamfanya nini?

MWALIMU: Nitamfahamu kuwa ni mtu wa kurekodi nyuma ya ukuta.

FUNDI: Wengine wameliachia dola. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasizipige, na maonyesho nje ya sherehe rasmi yawe kwa kibali.

MWALIMU: Wanawake wasizipige? Waende Dodoma wakawaone wanawake wa Kigogo na muheme, ngoma katikati ya magoti, halafu warudi waniambie nani asipige. Hapana, serikali siitaki iwe mwenye ngoma. Serikali haijui kucheza.

FUNDI: Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda kazi za jadi. Ipo kwenye karatasi.

MPIGAJI: Mimi naona aibu ya jambo jingine. Programu hizi hutaja kila kitu. Mpigaji fulani, chumba fulani, kinasa sauti cha mwaka fulani, hadi kiwanda kilichotengeneza sneya. Kisha ukifungua folda ya ngoma zetu, unakuta faili linaitwa Ngoma ya Kiafrika 07. Nani alipiga? Wapi? Ngoma hiyo huitwaje na wenyewe?

MWALIMU: Basi andikeni masharti yangu. Wapigaji watatu kwa pamoja, chumba kimoja, na mchezaji yupo, viatu nje. Majina yao yaandikwe na mahali waliposomea. Malipo yasiwe ya siku moja. Kila ikiuzwa, wapate. Na zisiuzwe moja moja.

PRODYUZA: Hilo la mwisho linaniua. Mimi nataka pigo moja la vumi, niliweke chini ya biti yangu. Sina haja na chapuo wala kinganga.

FUNDI: Wakirekodiwa chumba kimoja, hata ukitaka hutazitenganisha kabisa. Katika kila kinasa sauti cha vumi, chapuo litakuwamo kwa mbali.

PRODYUZA: Nitalikata mwenyewe. Nina programu ya kukata.

MWALIMU: Likate, mwanangu, nani atakushika mkono? Ila ukishalikata, jina langu litoe.